Godoro la Daraja la Kwanza

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kesi fupi. Faili likizidi unene wa kidole, alisema, limeshaingiwa na uvivu. Basi asubuhi hiyo alilisukuma faili la kiwanda cha magodoro juu ya meza, likateleza mpaka kwa Sajini Kobe, jembamba kama mkate uliokatwa na mchoyo.

"Hii imeiva, Kobe. Wewe pakua tu. Saa tisa yule mama anakwenda mahakamani."

Jina la Kobe alipewa na vijana wa kituoni kwa ajili ya mwendo wake: pole, shingo mbele, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia jambo. Alivuta kiti, akakaa.

"Nisomee, Mkuu. Miwani yangu imevunjika mkono."

Mkuu akashusha pumzi. Meneja wa kiwanda, yule ambaye wafanyakazi humwita Radi kwa jinsi anavyofoka, yuko hospitali tangu jana, hajitambui. Mbavu mbili zimevunjika. Shati limeraruliwa. Mkaguzi wa magodoro, mwanamke anayeitwa Mama Kiganja, alionekana na watu kupitia dirisha la kioo akimburuta meneja kutoka kwenye godoro alikolazwa. Akambwaga kwenye saruji, akapiga magoti ubavuni pake, akawa anambonda kifua kwa mikono miwili. Kabla ya hapo alionekana akimtia kitu kinywani. Na alipopekuliwa, mfukoni mwa aproni zilikutwa funguo za gari la Radi.

"Wizi, sumu na kipigo," Mkuu akahitimisha. "Radi akikata roho, ni mauaji. Unataka nini tena?"

"Mwenyewe anasemaje?"

"Amekubali! Ulimburuta? Ndiyo. Ulimbonda? Ndiyo. Funguo ulichukua wewe? Ndiyo. Sijawahi kupata mtuhumiwa mwenye adabu kama huyu."

"Ukamuuliza kwa nini?"

Mkuu akamtazama kama aliyeulizwa bei ya mwezi. "Kwa nini ni kazi ya hakimu."

Ndivyo walivyo wenye viti vya kuzunguka. Swali linalochosha humwachia mtu mwingine, na mtu mwingine naye humwachia mwingine, mpaka linamwangukia asiye na wa kumwachia. Kobe alilichukua faili, akashuka nalo selo.

Mama Kiganja alikuwa amekaa ukingoni mwa godoro la selo, mikono imelala mapajani, viganja juu. Mwanamke wa makamo, mabega mapana kama ya mbebaji maji. Kobe hajafungua kinywa, yeye akawahi.

"Anapumua?"

"Nani?"

"Radi. Anapumua?"

Askari wa zamu akacheka kutoka mlangoni. "Tangu jana wimbo wake ndio huo, afande. Chai hataki, blanketi hataki, anataka kujua mtu anapumua."

"Mpaka nilipopiga simu asubuhi hii alikuwa anapumua," Kobe akasema. "Kwa msaada wa mashine."

Mama Kiganja akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Kobe akautumia mwanya huo kumwangalia vizuri. Pale kiganja kinapoungana na kifundo cha mkono palikuwa pamevimba, pamepiga weusi. Magotini gauni lilikuwa limechubuka pamoja na ngozi.

"Ulimbonda kwa muda gani, mama?"

"Mpaka gari la wagonjwa lilipofika."

"Naambiwa lilikawia sana."

"Lilikuwa limebeba viti vya sherehe ya mkubwa mmoja. Likapeleka viti kwanza." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Na muda wote huo ni wewe tu?"

Hapo macho ya Mama Kiganja yakahamia ukutani. "Mimi tu."

"Hakuna aliyekupokea?"

"Nimesema mimi tu, baba. Andika hivyo."

Kobe hakuandika. Katika majibu yote aliyopewa, hilo ndilo la kwanza ambalo halikutazamana naye usoni.

*

Kiwandani kila kitu kilikuwa na vumbi la sponji: mashine, nyaya, nyusi za watu. Msumeno mrefu ulikuwa ukikata bonge la sponji kubwa kama chumba, na kila tabaka lililobanduka lilitetemeka kidogo kabla ya kutulia. Chumba cha ukaguzi kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ukuta wake wa mbele ni kioo kitupu. Hapo ndipo Mama Kiganja alipofanyia kazi yake. Kila godoro lililotoka lililazwa mbele yake, akalibonyeza katikati kwa viganja viwili, akaliachia, akangoja. Likirudi lote, linapita. Likirudi nusu, linakwenda kukatwa mito.

Msaidizi wa meneja, kijana mwenye tai na simu mbili, alikuwa amekifunga chumba tangu jana. Huenda ndilo jambo jema pekee alilolifanya siku hiyo, na alilifanya asije mtu akaiba.

Kobe akaingia, akachutama, taratibu. Kwenye jukwaa la mbao lilikuwapo godoro nene, kitambaa chake kimekunjamana. Chini, vumbi la sponji lilikuwa limetanda sakafuni kama unga, isipokuwa katikati, mahali palipofutika kwa urefu wa mtu mzima. Upande wa kulia wa mahali hapo palikuwa na miduara miwili iliyosuguliwa mpaka saruji ikang'aa. Alama za magoti. Kobe akazunguka. Upande wa kushoto palikuwa na mingine miwili, midogo, iliyokaribiana.

Akavuta shati lililosukumiwa uvunguni. Aliligeuza mara mbili mwangani. Halikuraruliwa hata kidogo. Lilikuwa limepasuliwa kuanzia chini mpaka kola kwa mkasi wa sponji, mstari mmoja, umenyooka kama wa fundi.

"Mtu akiwa na hasira," Kobe akamuuliza Msaidizi, "huwa anatafuta mkasi kwanza?"

"Sijui, afande. Mimi nilikuwa nje ya kioo."

"Ukifanya nini?"

"Nilipiga simu."

"Kuita gari la wagonjwa."

"Kwa wamiliki kwanza." Msaidizi akanyoosha tai. "Kuna utaratibu. Gari la nje haliingii getini bila idhini."

"Wakasemaje?"

"Walikuwa mkutanoni. Nikaacha ujumbe."

"Sasa gari la wagonjwa aliita nani?"

"Mpakizi. Bila kuuliza mtu. Hilo suala lake tutalizungumza."

Kobe akamtazama mpaka kijana akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake mwenyewe. "Asubuhi ya jana Radi alikuwaje?"

"Kama kawaida, anafoka. Ila alikuwa anasugua taya, hivi. Nikamwambia jino hilo, bosi, muone daktari wa meno."

Mpakizi alikuwa pande la mtu. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali na kusimama kama anayepigwa picha.

"Ndiyo, mimi ndiye niliyemlaza. Alianguka pale penye mashine. Nilimbeba peke yangu, afande, begani. Alikuwa ameloa jasho, tena la baridi, shingo kama samaki. Nikasema hii malaria. Toka asubuhi alikuwa anaukunja na kuukunjua mkono wa kushoto, anasema ameulalia vibaya."

"Kwa nini ukamlaza juu ya godoro?"

Mpakizi akashangaa. "Nimlaze wapi? Bosi alale kwenye saruji, ndani ya kiwanda cha magodoro? Si watu wangetucheka! Nilimchagulia zuri, afande. Daraja la kwanza, inchi nane. Akazama vizuri, ametulia. Mara Mama Kiganja huyo, mbio, anapiga kelele 'mtoeni, mtoeni.' Nikadhani amerukwa na akili. Akamshika makwapa, akamvuta mpaka chini. Roho iliniuma, afande. Godoro zuri vile."

*

Jikoni kwa wafanyakazi palikuwa na meza ndefu, vikombe vilivyofungwa kwa mnyororo visitembee, na Mama Chai. Huyu alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na kabla Kobe hajaketi alishasema kwamba yeye hakuona kitu, hakusikia kitu, na jana hata hakukanyaga chumba cha ukaguzi.

"Hata chai hukumpelekea Radi?"

"Chai hakuitaka. Alitaka maji ya moto. Alisema ana kiungulia, anacheua tu, kichefuchefu, na kifua kinambana kama kuna mtu amemkalia. Nikamwambia gesi hiyo, bosi, tembea kidogo."

Kobe akapokea kikombe. Mama Chai alikuwa ameinua birika kwa vidole na kifundo, kiganja amekiepusha. Kobe akaiachia kalamu yake ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni pa mama. Mama Chai akainama kuiokota kwa kiuno, miguu imenyooka kama fito, meno ameyauma.

"Magoti yana nini, mama?"

"Uzee."

"Wa tangu lini?"

"Uzee una tarehe?"

"Huu unayo. Ulianza jana, kwenye saruji, upande wa kushoto wa Radi." Kobe akaweka kikombe chini. "Mama Kiganja ana mapaja mapana, magoti yake hayakaribiani. Mpigaji huwa mmoja upande mmoja. Pale walikuwa wawili, wanapokezana. Ni nani wako yule mama?"

Mama Chai akashika ukingo wa meza.

"Wifi yangu," akasema. "Mke wa kaka yangu, Mungu amrehemu kaka. Tunaishi nyumba moja. Polisi walipoingia getini alininong'oneza: 'Wewe hukuwepo. Wakituchukua wote wawili, watoto na mama watabaki na nani?' Nikamwambia wifi, siwezi. Akaniambia nitakuapiza. Nikanyamaza, na wenzetu waliokuwa kiooni wakanifichia. Tangu jana mkate hauteremki, afande."

"Sasa niambie kilichotokea."

Ikatoka yote, bila kupumzika. Mama Kiganja alimwona Radi asubuhi ameegemea mlango, rangi imemtoka kama majivu, akajua. Radi akasema anakwenda mwenyewe hospitali kwa gari lake. Mama Kiganja akamnyang'anya funguo mbele ya watu: utazimikia barabarani, uue na wengine. Radi akafoka mpaka madirisha yakatetema. Mama hakurudisha. Akamketisha sakafuni, mgongo ukutani, akamuuliza kama aspirini inamdhuru, akampa atafune. Kisha akakimbia kwa Msaidizi kuomba gari la kiwanda, akajibiwa utaratibu. Alikuwa bado anabishana huko Radi alipojaribu kusimama, akaanguka.

"Aliporudi akamkuta juu ya godoro, anakoroma kama mtu anayezama, kisha hata huo mkoromo hakuna. Akamvuta chini. Akaniita: wifi, piga magoti! Akichoka mimi, nikichoka yeye. Mbavu zililia mikononi mwangu mimi, afande. Mimi ndiye niliyezivunja, si yeye. Nikapiga yowe nikataka kuacha. Akaniambia bonyeza!"

"Haya mlijifunza wapi?"

"Kwa Sista."

*

Sista alikuwa muuguzi wa zahanati iliyotazamana na geti la kiwanda, mwanamke mwenye mvi fupi na sauti ya mtu asiyerudia. Kobe alimkuta anachemsha vifaa.

"Nina mtu ana jino bovu," Kobe akaanza, "malaria, mkono uliolaliwa vibaya, na gesi tumboni. Vyote asubuhi moja."

"Ni mtu mmoja huyo?"

"Mmoja."

"Basi hana hata kimoja. Huyo moyo wake unakufa." Sista akafunika sufuria. "Kifua kubana, maumivu kwenda taya na mkono, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi. Kila mtu hushika kipande chake, anakipa jina analolijua, na mgonjwa anakufa katikati yao. Ni Radi, sivyo? Jana nilirudi kutoka kuchukua chanjo mjini nikakuta ameshapelekwa, nikaja kituoni kwenu kuwaeleza. Nilikalishwa benchi mpaka jioni, nikaambiwa mkubwa ameshaondoka."

Kobe alimeza hilo. Alikuwa na swali jingine, na alilizungukia kidogo kabla ya kulitoa.

"Na mtu akiwa kifua hakimuumi? Akisema mgongo tu. Na uchovu, hawezi hata kukunja nguo. Na moyo kumchafuka. Mwanamke."

"Mwanamke hasa ndiye huja hivyo," Sista akasema, safari hii polepole. "Nani?"

"Mke wangu. Daktari mkuu hakuinua macho. Alimwandikia dawa ya gesi, akamwambia apunguze chumvi. Hakuiona asubuhi." Kobe akafungua daftari ukurasa mpya, ingawa wa zamani ulikuwa na nafasi tele. "Tuendelee. Darasa la kiwandani."

Sista alilieleza. Alikwenda kwa wamiliki kuomba wanunue sanamu la kufundishia. Wakamwambia kiwanda kinauza usingizi, hakiuzi uhai, wakacheka wenyewe. Radi ndiye aliyefoka siku hiyo: wafanyakazi wangu watajifunza saa ya chakula, na asiyetaka aje aniambie usoni. Wanawake wa kushona wakatengeneza sanamu kwa mabaki ya sponji, Radi akatoa shati lake kuukuu, wakamvisha. Jina wakampa Bwana Sponji. Waliwahi kujifunza wachache tu. Msaidizi alipopanda cheo aliwashawishi wamiliki walifute darasa kwa sababu linarudisha watu mashineni wakiwa na usingizi.

"Mama Kiganja sikuwa na la kumfundisha mikono," Sista akaongeza, na hapo sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Nimefundisha madaktari wachanga, nawapigia kelele: nyoosha viwiko, tumia uzito wa mabega, kiache kifua kirudi chote kabla hujabonyeza tena. Yule alifanya mara ya kwanza. Kazi yake yote ni kubonyeza na kungoja kirudi. Lakini kujua dalili alijifunza kwa kuuliza. Aliniganda mlangoni siku nzima. Na kumnyang'anya Radi funguo, mbele ya kiwanda kizima? Hilo sikumfundisha mimi."

*

Saa nane Mpakizi aliingia kituoni na godoro la inchi nane kichwani, vijana wa kaunta wakamfuata kwa utani. Nyuma yake Sista, amekumbatia kitu kama mtu asiye na miguu, kimevaa shati la mistari. Nyuma yao Mama Chai, anatembea kwa kuhurumia magoti, na Msaidizi aliyekuja kutoa ushahidi na kukuta maonyesho.

"Kobe!" Mkuu akasimama. "Hii ni ofisi au duka la samani?"

"Dakika chache, Mkuu. Faili nimeliona bado jembamba. Laza godoro, Mpakizi." Kobe akapokea sanamu, akalilaza juu yake. "Huyu ni Bwana Sponji. Ndani ya kifua wameshona kidoli cha mpira, cha mtoto, kile kinacholia kikiminywa. Ukibonyeza kwa kina kinachotosha kusukuma damu, atalia. Akilia, amepona. Tafadhali, Mkuu. Mponye."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema kesi imeiva."

Vijana walikuwa wameshajaa dirishani. Mkuu hakuwa na pa kukimbilia. Akavua kofia, akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua kama Sista alivyomwelekeza, akabonyeza. Bwana Sponji akazama. Godoro nalo likazama. Mkuu mwenyewe akazama nusu. Kimya.

"Zaidi, Mkuu."

Mkuu akabonyeza kwa nguvu zote, jasho likamtoka. Sanamu na godoro vikashuka na kupanda pamoja kwa raha, kama watoto kitandani. Kimya.

"Amekufa," Sista akasema. "Godoro zuri limekula nguvu zako zote. Sasa fanya alivyofanya yule mama."

Kobe akamshika Bwana Sponji makwapa, akamvuta. Sanamu likaanguka saruji kwa kishindo. Mpakizi akajikunyata. Mkuu akabonyeza.

"Kwiii!"

Dirishani waliangua kicheko. Mkuu akabonyeza tena, kama haamini. "Kwiii!" Hakucheka. Alibaki amepiga magoti, akitazama viganja vyake.

"Mbavu je?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mbavu zinaunga," Sista akajibu. "Darasani nawaambia, ukisikia mfupa umelia, usiache. Maiti mwenye mbavu nzima, zinamfaa nini?"

"Funguo ni za kumzuia asiendeshe," Kobe akasema. "Kidonge ni aspirini. Shati limekatwa kwa mkasi ili kifua kionekane. Hayo yote, Mkuu, alikuwa tayari kukwambia. Hukufika kwenye kwa nini." Akageuka kwa Msaidizi. "Na wewe utaandika maelezo mapya. Uanzie pale mama alipokuomba gari."

Msaidizi akaizima simu moja, kisha ya pili. Mpakizi, ambaye hakuna aliyemlaumu, alikuwa amekaa juu ya godoro lake na kufunika uso. "Kumbe nilikuwa namzika," akasema. Mama Chai akamgusa bega. "Ulipiga simu, mwanangu. Wangapi walipiga?"

Simu ya mezani ikalia. Mkuu akampa Kobe ishara apokee yeye. Kobe alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono wa simu mahali pake, akatoka bila kuaga, na vijana wa kituoni wanaapa mpaka leo kwamba ngazi za kwenda selo alizishuka mbili mbili.

Mama Kiganja aliinua kichwa.

"Anapumua?"

"Anapumua. Bila mashine. Ameamka saa hii hii."

"Amesema nini?"

"Amemfokea muuguzi. Anasema godoro la wodi limekwisha, sponji hairudi. Anataka aletewe mtu aliyelipitisha."

Mama Kiganja akacheka. Kicheko kilianza kifuani, kikapanda, kikageuka katikati ya njia kikawa kilio, kisha kikarudi tena kikawa kicheko. Alipotulia akasimama, na kabla ya kutoka, kwa mazoea tu, akainama akalibonyeza godoro la selo kwa viganja vyake vilivyovimba, akangoja. Likabaki na shimo. Akatikisa kichwa, akapita.

Ofisini wifi mtu alimdaka mlangoni. Walikumbatiana. Mkuu akakohoa, akasema kuna makosa yalifanyika, kwa ile lugha ya wakubwa ambayo makosa hufanyika yenyewe. Mama Kiganja akamjibu, "Haya, baba," akaangaza macho akamwona Bwana Sponji kalala sakafuni, na Kobe amesimama kando yake.

"Unataka kujaribu?" akamuuliza.

"Mimi ni mzee."

"Nilikuuliza umri? Piga magoti."

Kobe akapiga magoti, pole, goti moja, kisha la pili. Akaweka viganja.

"Nyoosha viwiko. Usimwonee haya. Bonyeza, achia, kirudi chote. Haraka zaidi, baba, moyo hausubiri mtu."

Kimya. Kimya. Kisha: "Kwiii!" Na tena. Na tena, kwa mpigo ulioshika, mabega juu ya mikono, shingo mbele.

"Basi," Mama Kiganja akasema. "Umejua."

Kobe hakuacha. Aliendelea kubonyeza, jasho linamdondoka kwenye shati la mistari, na sanamu linalia na kulia, mpaka vijana dirishani wakanyamaza mmoja mmoja. Mkuu akataka kusema kitu, Sista akamzuia kwa macho. Mama Chai ndiye aliyesogea. Alishika ukingo wa meza, akayakunja magoti yake mabovu, akashuka mpaka saruji upande wa kushoto, akaweka mikono yake tayari kando ya mikono ya Kobe.

"Nipishe, kaka," akamwambia. "Umechoka. Zamu yangu."